John Ainsworth: Mtawala wa Ukambani aliyeshuhudia rupia ikiingia na kufutwa

Katika nyika za kusini mwa Kitui, ulipo mji wa Mutomo hivi leo, utajiri kabla ya mwisho wa karne ya 19 ulihesabiwa kwa mbuzi na ng'ombe. Wageni walifanya biashara kwa shanga, waya wa shaba na kitambaa cha merikani. Sarafu ilikuwa kitu cha watu wa pwani. Miongoni mwa walioifikisha bara, na kusimamia sheria zilizoifanya isiepukike, ni John Ainsworth, ambaye wakazi wa Nairobi humjua zaidi kwa daraja lililopewa jina lake karibu na makavazi ya kitaifa.

Ainsworth alizaliwa Uingereza mwaka wa 1864. Mnamo 1889 alijiunga na Kampuni ya Kifalme ya Uingereza ya Afrika Mashariki, ambayo mwaka mmoja awali ilikuwa imefua sarafu zake zenye jina la Mombasa. Mwaka wa 1892 alikabidhiwa ngome ya Machakos, na serikali ya Uingereza ilipoitwaa nchi mwaka wa 1895, akawa mtawala wa mkoa wa Ukamba, Kitui ikiwemo.

Amri ya Malkia ya 1898 iliifanya rupia ya India kuwa fedha halali ya nchi. Wakati huo huo Ukambani ilikuwa ikiingia katika njaa kuu iitwayo Ngomanisye, na rupia haina faida mahali pasipo na nafaka ya kununua. Kilichoifanya itafutwe ni kodi ya nyumba ya 1901, isiyozidi rupia 2 kwa kila nyumba, ambayo baadaye ilipanda hadi 3. Mwanzoni wengi walilipa kwa mifugo au kwa kazi. Hatimaye mwenye nyumba alilazimika kuitafuta sarafu yenyewe, kwa kuuza mbuzi wake au nguvu zake.

Amri nyingine, ya 1905, iliigawa rupia katika senti 100 na kuweka rupia 15 kuwa sawa na pauni moja. Zikafuliwa senti zenye tundu katikati, ili asiye na mfuko azitunge kwenye uzi. Pengine hiyo ndiyo sheria pekee ya fedha ya enzi hizo iliyomfikiria mnunuzi wa kawaida.

Ainsworth aliondoka Ukambani, akatumikia Nyanza kuanzia 1907, akasimamia wapagazi wa vita mwaka wa 1917, kisha akawa Kamishna Mkuu wa Wenyeji. Alisifika kuwa mtetezi wa Waafrika. Hata hivyo, waraka wa Oktoba 1919 uliowaagiza machifu wawahimize vijana wao kwenda kufanya kazi katika mashamba ya walowezi ulitoka kwa sahihi yake, kwa maagizo ya Gavana Edward Northey. Wamishonari waliupinga. Doa hilo halijafutika katika sifa zake.

Alistaafu mwaka wa 1920, rupia nayo ikimfuata. Kwa kuwa ilikuwa imepanda bei baada ya vita, London iliithibitisha kwa shilingi 2 za Kiingereza, badala ya shilingi moja na peni 4. Florini ikashika nafasi yake, kisha mwaka wa 1921 ikaja shilingi ya Afrika Mashariki, nusu ya florini, nayo pia yenye senti 100. Senti ya zamani ikihesabiwa kuwa sawa na senti ya shilingi, akiba ya maskini ingepungua kwa nusu. Kodi nayo ilikuwa imefika rupia 8, yaani shilingi 16, huku walowezi wakikata mishahara kwa theluthi moja. Malalamiko hayo ndiyo yaliyompa Harry Thuku wafuasi, hata kodi ikateremshwa hadi shilingi 12 mwaka wa 1922.

Ainsworth alifariki Afrika Kusini mwaka wa 1946. Senti zenye tundu ziliendelea kufuliwa hadi 1964, miaka miwili kabla ya sheria iliyounda Benki Kuu ya Kenya.