Mzee Ojwang: Mkikuyu aliyedhaniwa kuwa Mjaluo

Alipoaga dunia Julai 12, 2015, wengi walisikia jina Benson Wanjau wakaulizana ni nani huyo. Kumbe ni Mzee Ojwang!

Kwa miaka mingi Wakenya walikaa mbele ya runinga ya KBC kumtazama kwenye Vitimbi, akizozana na mkewe wa mchezoni, Mama Kayai, yaani Mary Khavere. Lafudhi yake ya Kijaluo ilikolea hadi mashabiki wakaapa ni mtu wa Nyanza. Wapi! Wanjau alikuwa Mkikuyu.

Uzeeni macho yalimsumbua, akaacha kuigiza. Umaarufu wote ule haukuwa umemjazia mfuko, ikabidi mashabiki wamchangie pesa za matibabu. Walitoa bila kujali kabila lake, kwani walishamhesabu kuwa mtu wa nyumbani.

Alifariki jijini Nairobi akiwa na miaka 78. Kenya ni nchi ambako jina lako hutaja kabila kabla hujafungua mdomo. Lakini ukimtaja Ojwang hadi leo, hakuna anayeuliza alikuwa wa wapi. Watu hucheka tu.