Munzihirwa, askofu aliyebaki Bukavu



Safari hii tunamkumbuka Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa Mwene Ngabo. Wazee wetu wa Kivu wanamjua vizuri. Lakini watoto waliozaliwa kambini, ukiwatajia jina lake, wanauliza ni nani.

Alizaliwa mwaka 1926 katika Bushi. Akawa padri mwaka 1958, kisha akaingia kwa Wajezuiti, akasoma mpaka Ubelgiji. Hayo tuyapite mbio, juu mwaka 1971 ndio unaonyesha alikuwa mtu wa namna gani. Mwaka ule wanafunzi wa chuo kikuu cha Kinshasa waliandamana kukumbuka wenzao waliouawa na askari mwaka 1969. Mobutu akakasirika, akawaingiza jeshini kwa nguvu. Munzihirwa alikuwa padri wao. Hakuna mtu alimlazimisha, lakini yeye mwenyewe aliomba kuingia pamoja nao, akavaa nguo za askari, akapangwa na wale wa chini kabisa. Kwa hiyo, alipokuja kuipinga vita, hakuwa anaongea mambo ya kusikia tu.

Baadaye aliongoza Wajezuiti wa Afrika ya Kati, kisha akawa askofu wa Kasongo. Mwezi wa 3, 1994, akapewa Bukavu. Mwezi uliofuata mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yakaanza Rwanda, na katikati ya mwaka watu zaidi ya milioni 1 wakavuka kuingia Zaïre. Bukavu ikajaa: mashuleni, kwenye viwanja vya kanisa, kando ya barabara. Ndani ya kundi lile kulikuwa wauaji wenye silaha. Kulikuwa pia mama na watoto mgongoni, na wazee ambao hawakujua hata wanaenda wapi.

Hapo ndipo kazi yake kubwa ilianza, na chombo chake kilikuwa kalamu. Aliandika barua na miito, akaituma kwa mabalozi na kwa wakubwa wa dunia. Alisema wakimbizi lazima wapate njia ya kurudi kwao bila woga, na kwamba haifai kuwahukumu wote kwa damu iliyomwagwa na wengine. Alionya kwamba vita ikiletwa Kivu, haitaishia kambini. Askari wa Mobutu nao hakuwaachia. Wakiiba mali ya raia, alisema wazi.

Alilaumiwa. Kuko waliosema anatetea wauaji, na lawama hiyo inasikika mpaka leo, hasa kwa watu waliopoteza jamaa zao wote Rwanda. Hatuwezi kuificha. Lakini sisi tuliolala chini ya maturubai tunajua maana ya kuitwa adui kwa sababu tu ya kambi uliyokimbilia. Hata katika kugawa mabati hapa kwetu, swali lile bado linarudi: huyu alikimbia na nani? Tunajibu vile vile kila mara, kwamba tunaangalia nyumba isiyo na paa.

Mwezi wa 10, 1996, vita ikafika. Tarehe 6 hospitali ya Lemera ilishambuliwa, wagonjwa wakauawa vitandani. Uvira ikaanguka. Bukavu, wakubwa wa serikali na wa jeshi wakaanza kufunga mizigo. Askofu akawaomba raia watulie, wabaki nyumbani kwao, wasaidiane. Angeweza kuondoka na wale waliokuwa na magari. Alibaki.

Tarehe 29, jioni, askari waliokuwa wameingia mjini walisimamisha gari lake pale Nyawera. Alishuka, msalaba mkononi. Wakamuua. Mwili ulilala barabarani mpaka kesho yake, watu wakiogopa kusogea, ndipo waseminari walipoweza kuuchukua. Akazikwa kwenye kanisa kuu la Notre-Dame de la Paix. Mpaka leo hakuna mtu amehukumiwa kwa kifo chake.

Siku chache baadaye kambi za Kashusha na Inera zikapigwa. Wengine walirudi Rwanda. Wengine waliingia porini kwa miguu, kuelekea Tingi-Tingi na Kisangani, na wengi kati yao hawakutoka tena.