Nabongo Mumia: Mfalme wa Wanga Aliyefungulia Wazungu Mlango

Ukisikia Mumias unafikiria sukari, si ndio? Basi jua hiyo tao imebeba jina la msee: Nabongo Mumia, mfalme wa Wanga.

Mumia alishika kiti 1882 hivi, baada ya budake Shiundu kuaga. Boma yao ilikuwa kwa njia ya misafara ya kutoka Pwani kwenda Uganda, na wafanyabiashara wa pembe za ndovu walipiga kambi hapo. 1883 Joseph Thomson akatokea. Mumia hakumfukuza. Manze, alikuwa na majirani wakali, na hawa wageni walikuwa na bunduki.

1895 Waingereza wakavamia Wabukusu pale Lumboko na Chetambe, na vijana wa Wanga wakawa upande wao. Watu wengi walikufa. 1909 Mumia akafanywa chifu mkuu. Ndugu zake nao wakapewa watu wa kutawala: Mulama akapelekwa Marama, Murunga kwa Wabukusu. Huko hawakupendwa hata kidogo.

Lakini cheki vile mambo yaligeuka. Reli ilikuwa imeshafika Kisumu 1901 bila kupitia kwake, na misafara ikaisha. 1920 ofisi za serikali zikahamishiwa Kakamega. 1926 wakamstaafisha. Aliaga 1949, bado akiitwa Nabongo lakini bila nguvu.

Cheo ukipewa na mtu, huyo mtu anaweza kukunyang'anya. Sasa wewe sema: Mumia alikuwa mjanja ama alichezwa?