Habari za Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe

Mara nyingi wainjilisti wa sharika zetu za Bariadi wameniuliza habari za watu wasemao kwamba wamepokea maneno kutoka kwa roho. Jambo hili si geni kwetu Usukumani. Twawajua bafumu ambao masamva huwajia na kuwaagiza. Twawajua na watu wa Buchwezi, ambao mafundisho yao hapewi mtu ila aliyekwisha kuingizwa chamani. Badala ya kuwajibu kwa habari za majirani, nimeona heri niwasimulie maisha ya mtu wa mbali, ambaye neno lake la siri lilitoka katika kijiji kimoja likaenea kusini yote.

Mtu huyo ni Kinjikitile Ngwale. Alikaa Ngarambe, karibu na vilima vya Umatumbi, upande wa kusini wa mto Rufiji. Watoto wa shule humjua kwa mchezo wa kuigiza alioutunga Ebrahim Hussein mwaka 1969, lakini mchezo ni mchezo. Mimi nafuata masimulizi ya wazee wa huko.

Siku moja katika mwaka 1904 alipagawa na pepo aitwaye Hongo. Yasimuliwa kwamba alivutwa kifudifudi, mikono yake imenyoshwa mbele, hata akatumbukia katika kilindi cha mto akatoweka. Jamaa zake wakapiga mbizi kumtafuta wasimwone, wakajua amekwisha kufa. Hata siku ya pili akatoka majini mzima, nguo zake zi kavu, akaanza kufundisha. Mimi sikuwapo, wala sina sababu ya kuwaita waongo waliosimulia. Ila ajabu hiyo ndiyo iliyompa mamlaka.

Alifundisha ya kuwa wafu hawakupotea, bali wapo Rufiji kwa Bokero, ambaye watu walikuwa wakimwendea tangu zamani kuomba mvua. Akafundisha pia ya kuwa simba na chui hawatadhuru watu tena, na ya kuwa watu wote ni jamaa moja. Fundisho hilo la mwisho lilikuwa jema, tusilidharau. Makabila yaliyokuwa yakivamiana yalianza kuitana ndugu kwa ajili yake. Kisha akawapa dawa, yaani maji yaliyochanganywa na mafuta ya nyonyo na mtama, akasema ya kwamba risasi za Wajerumani, ambao wazee wetu waliwaita Wadachi, zitageuka maji juu ya mwili wa aliyeipokea.

Neno hili halikutangazwa uwanjani. Lilikwenda kwa kunong'onezana, sikio kwa sikio na ukoo kwa ukoo. Watu wakasafiri makundi makundi kwenda Ngarambe, na walipoulizwa njiani walijibu kwamba wanafuata dawa ya mazao. Wakubwa wa serikali wakaona safari, wasione vita.

Sisi wa Bariadi tunaolima pamba twaweza kufahamu uchungu wao. Pamba yetu tunailima katika mashamba yetu wenyewe. Wao tangu mwaka 1902 walilazimishwa kuilima katika shamba la jumbe, siku 28 kila mwaka, chini ya kiboko cha akida, huku mashamba yao yakiota magugu. Malipo yalikuwa kidogo hata wengine walikataa kuyapokea. Basi kiu yao ilikuwa ya kweli, na walipoletewa maji waliyanywa.

Kinjikitile aliwaagiza wasianze vita mpaka awape amri. Amri ile haikutoka. Mwezi wa Julai 1905 Wamatumbi wa Nandete walichoka kungoja, na wazee wawili, Ngulumbalyo Mandai na Lindimyo Machela, wakang'oa mashina ya pamba. Hapo neno lilikuwa limekwisha kumtoka mikononi yeye aliyelileta.

Wadachi wakamkamata, na tarehe 4 Agosti 1905 wakamnyonga Mohoro pamoja na mwenziwe mmoja. Yasimuliwa kwamba aliwaambia kufa kwake si kitu, maana dawa yake imekwisha kufika Kilosa na Mahenge. Tarehe 30 Agosti maelfu ya watu waliiendea boma ya Mahenge kwa imani hiyo, wakaanguka kwa mamia mbele ya bombomu. Mwezi wa Septemba Wabena waliishambulia Yakobi, misheni ya Walutheri wenzetu. Kwa macho yao msalaba na bendera ya Mdachi vilikuja kwa njia moja, nasi hatuna budi kuyakubali hayo kwa huzuni. Vita ikaendelea hata mwaka 1907. Wadachi wakachoma vijiji na vyakula, njaa ikaua wengi kuliko risasi. Serikali yao ilihesabu wafu 75,000. Wataalamu waliochunguza baadaye wametaja 250,000 hata 300,000.

Je, alikuwa mdanganyifu? Siwezi kumwita hivyo. Mdanganyifu hukimbia kamba inapoletwa. Naamini aliyasadiki aliyoyasema. Lakini mtume Yohana atuagiza kuzijaribu roho, na watu wa Beroya waliyachunguza maandiko kila siku kabla ya kulikubali neno la Paulo mwenyewe, wala Paulo hakukasirika. Neno la kunong'ona halichunguziki. Aliyelipokea hakuweza kumwuliza jirani yake kama dawa imekwisha kujaribiwa, maana kuuliza kulikuwa kufichua siri.

Mjumbe Omari Kinjala alipoileta dawa Ungoni, Kinjikitile alikuwa amekwisha kunyongwa. Wangoni wakayapokea maji ya mtu wasiyemwona uso wake kamwe, wakaenda vitani nayo, na tarehe 27 Februari 1906 wakuu wao wengi walinyongwa Songea kwa siku moja.