Wangari Maathai: Binti wa Nyeri aliyepokewa na maghorofa ya New York

MSAFIRI atokaye Karatina kuelekea Nanyuki, afikapo Chaka, huuona Mlima Kenya upande wake wa kulia na safu ya Nyandarua upande wa kushoto. Ni katika miteremko hiyo ya Nyandarua, kijijini Ihithe, alikozaliwa Wangari Muta mnamo Aprili 1, 1940.

Ulimwengu ulikuja kumfahamu baadaye kama Profesa Wangari Maathai, mwanamke wa kwanza Mwafrika kutunukiwa Tuzo ya Amani ya Nobel. Lakini kabla ya sifa hizo, alikuwa msichana wa miaka 20 aliyeshuka kutoka kwenye ndege jijini New York mnamo Septemba 1960, akiwa na cheti cha shule na shauku ya elimu.

Haikuwa ada ya wakati huo binti wa mkulima kufika mbali hivyo. Huenda asingeenda shuleni kabisa kama kaka yake mkubwa hangemuuliza mama yao kwa nini Wangari habebi vitabu kama wao. Mama alikubali. Kutoka shule ya msingi ya Ihithe alijiunga na shule ya wamishonari wa Kikatoliki ya St Cecilia, Mathari, mjini Nyeri, kisha Loreto, Limuru, alikohitimu mwaka wa 1959.

Wakati huo Tom Mboya alikuwa akitafuta nafasi za masomo Marekani kwa vijana, kwani Kenya iliyokuwa ikikaribia uhuru ilihitaji wataalamu wake yenyewe. Kundi la kwanza la wanafunzi 81 lilisafiri mwaka wa 1959. Mwaka uliofuata, wakfu wa familia ya John F. Kennedy ulitoa dola 100,000 kugharimia safari, na Wangari akawa miongoni mwa wanafunzi wapatao 300 walioteuliwa.

New York iliwaduwaza vijana hao. Wangari alikuwa amezoea vilele vya milima, wala si majengo yaliyopangwa orofa juu ya orofa hata mtu akalazimika kuinua shingo ili aone mwisho wake. Hata kupanda lifti kulikuwa jambo geni, maana chumba hicho kilimpandisha na kumshusha mtu huku tumbo likimcheza. Kila hatua ilikuwa somo kabla hata ya darasa kuanza.

Baada ya siku chache za kulizoea jiji, yeye na msichana mwenzake kutoka Kenya waliabiri basi la Greyhound kuelekea Atchison, Kansas, mwendo wa kilomita zipatazo 2,000. Katika safari hiyo ndipo sura nyingine ya Marekani ilipojitokeza. Basi liliposimama Indiana, wasichana hao waliingia mkahawani kununua vinywaji. Waliambiwa kwamba wangeuziwa, lakini hawangeruhusiwa kukaa ndani kwa sababu ya rangi yao.

Walikataa kunywa wakiwa nje, wakarejea kwenye basi. Kwa watu waliotoka koloni ambako mahali pengi palitengewa Wazungu, ubaguzi haukuwa jambo jipya. Kilichowashangaza ni kuukuta katika nchi waliyodhani imekwisha kuuacha. Tembea uone, walisema wahenga, na Wangari aliona fahari na fedheha ya taifa lile katika muda wa siku chache tu.

Huko Atchison alipokewa na masista Wabenedikto wa chuo cha Mount St Scholastica, akahitimu shahada ya biolojia mwaka wa 1964. Alijiunga na Chuo Kikuu cha Pittsburgh kwa shahada ya uzamili, katika jiji ambalo wakazi wake walikuwa wakipigania hewa safi baada ya kuteswa kwa miaka mingi na moshi wa viwanda. Mwaka wa 1971 alipata shahada ya uzamifu katika Chuo Kikuu cha Nairobi, akiwa mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na Kati kufikia daraja hiyo.

Aliporejea kutoka ng'ambo alikuta mugumo mkubwa wa kwao Ihithe umekatwa ili kupisha majani chai, na kijito alichochezea utotoni kimekauka. Mwaka wa 1977 alianzisha vuguvugu la Green Belt, na kufikia 2004 wanawake wa vijijini walikuwa wamepanda zaidi ya miti milioni 30.

Mtihani wake mkubwa ulikuja mwaka wa 1989, chama tawala cha Kanu kilipopanga kujenga jumba la orofa 60 katika bustani ya Uhuru, Nairobi. Msichana aliyewahi kuduwazwa na maghorofa sasa aliyapinga. Hakuchukia majengo marefu. Alijua kwamba miji mikuu iliyoyajenga ilihifadhi pia bustani zake. Katika barua yake kwa balozi wa Uingereza, aliufananisha mradi huo na kujenga jumba katikati ya Central Park ya New York au Hyde Park ya London, jambo ambalo wenyeji wa huko hawangelivumilia.

Wabunge walimkejeli, na shirika lake likafurushwa ofisini. Hata hivyo, wafadhili wa kigeni walijiondoa na jumba halikujengwa.

Habari za Nobel zilimfikia akiwa safarini kuelekea Nyeri mnamo Oktoba 8, 2004, naye akasherehekea kwa kupanda mti katika hoteli ya Outspan, Mlima Kenya ukiwa mbele yake.

Alifariki Septemba 25, 2011, akiwa na umri wa miaka 71. Aliagwa kwa heshima za kitaifa katika bustani ile ile ya Uhuru, ndani ya jeneza la mianzi, mafunjo na magugumaji, kwani hakutaka mti ukatwe kwa ajili yake.