Tabibu Robert Koch na Usafi Usioonekana kwa Macho

Wako jamaa zetu wa pwani waliohamia bara, hata kule Mau Narok juu ya Nakuru, penye baridi na ukungu. Mwenye pumu huko huhitaji mashine ya kuvutia dawa, na kikombe chake na barakoa yake hutumiwa leo na kesho. Wengine huvisuza kwa maji baridi, wakiviona vyang'aa huridhika. Basi tumeona yafaa kueleza maisha ya mtu aliyedhihirisha kuwa kung'aa si kusafika.

Robert Koch alizaliwa Clausthal, Ujerumani, tarehe 11 Desemba 1843. Alihitimu utabibu Göttingen mwaka 1866, kisha akawa tabibu wa wilaya katika mji mdogo wa Wollstein. Huko, nyumbani mwake, alithibitisha mwaka 1876 kuwa maradhi ya kimeta huletwa na kijidudu, nacho hugeuka mbegu ngumu isiyokufa upesi.

Mwaka 1880 aliitwa Berlin, na mwaka 1881 yeye na wenzake wakazijaribu dawa za kuulia vijidudu. Walikausha mbegu za kimeta juu ya nyuzi za hariri, wakazitia dawani, kisha wakazilisha waone kama zingali hai. Ikabainika kuwa asidi ya kaboliki katika mafuta, iliyotegemewa na matabibu, haikuziua. Na kwamba mvuke wa maji yanayotokota wapita hewa kavu ya moto.

Mwaka 1882 alitangaza kijidudu cha kifua kikuu, na mwaka 1905 akatunukiwa Nobel. Lakini haki hutaka tuseme yote. Mwaka 1906 alifika visiwa vya Sese, Uganda, kuwatibu wagonjwa wa malale kwa dawa ya atoxyl. Alipoongeza kipimo, baadhi yao walipofuka. Elimu pasipo tahadhari hudhuru. Alifariki Baden-Baden tarehe 27 Mei 1910.

Ama faida yetu ni hii. Kila baada ya kutumia, tenganisheni vipande, ondoeni uchafu kwanza kwa maji ya vuguvugu na sabuni, kwani uchafu huwakinga vijidudu. Suuzeni, kisha viacheni vikauke kabisa juu ya kitambaa safi. Mpira wa hewa usichemshwe. Vipande vingine vichemsheni iwapo tu karatasi ya mtengenezaji yaruhusu. Na Mau Narok, iliyo zaidi ya mita 2,500 juu ya bahari, maji hutokota kabla ya kufikia digrii 92, basi ongezeni dakika. Wala kuchemsha hakuui kila mbegu: sindano iliyokwisha kutumika isirudiwe kamwe.

Koch hakuliamini jicho, bali alijaribu. Nasi tusiliamini jicho katika pumzi za watoto wetu.