Carlo Abarth: Fundi aliyegeuza kagari ka familia kuwa simba

Ukinyimwa usingizi na Subaru inayonguruma Thika Road usiku, jua kuna buda alikula doo ya hiyo sauti kitambo sana.

Carlo Abarth alizaliwa Vienna 1908. Mwanzo alikuwa msee wa nduthi, na 1934 alishindana na treni ya Orient Express akaiacha. Ajali mbaya ikamtoa barabarani. 1949 akafungua karakana yake Italia, nembo ikiwa nge, nyota yake ya kuzaliwa. Ekzosi ndizo zilimlisha.

Mchukue na Fiat 600, kagari ka kupeleka watoto shule. Injini ya cc 767 aliipanua hadi 982, akabadilisha kabureta, akafungulia moshi njia. Joto likawa noma, so kifuniko cha nyuma kikaachwa wazi gari ikikimbia. Ukiona picha utadhani fundi alisahau kufunga.

Sasa shika hii. 1965, akikaribia miaka 57, alitaka kuvunja rekodi Monza lakini hakutoshea kwa dinga. Buda alikula matofaa hadi akapunguza kilo 30, akaingia, na rekodi ikavunjika.

1971 kampuni ikaenda kwa Fiat. Yeye aliaga 1979, huko kwao Vienna.